Kichwa Kilichosema Ndiyo

"Amesema hapana."

Tuliondoka chumbani bila hata kuaga, tukayaacha maneno hayo mawili yakining'inia juu ya kitanda cha mgonjwa. Turudi basi. Delcho bado amesimama mlangoni na begi lake la safari. Dada yake Zlatina bado ameshika kikombe cha maji. Baba yao, mzee Manol, bado ameegemezwa kwenye mito mitatu, macho yake yamemganda binti yake.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, mambo ni haya. Mzee Manol ni fundi wa kengele za kondoo katika milima ya Rodopi. Alipigwa na kiharusi mwezi wa Januari, na tangu hapo hasemi, anajibu kwa kichwa. Zlatina aliacha kazi nzuri jijini Sofia ili aigeuze karakana ya baba yake kuwa biashara. Asubuhi hii gari limekuja kuchukua kengele ambazo mzee hakuwahi kukubali kuziuza. Binti akamuuliza kwa mara ya mwisho kama ameridhia. Mzee akatikisa kichwa, kulia na kushoto, taratibu. Ndipo Delcho, aliyeingia usiku wa jana kutoka Ujerumani, akatoa yale maneno yake mawili.

Wa kwanza kucheka alikuwa Yasen, mchumba wa Zlatina, aliyekuwa ameegemea ukuta.

"Shemeji, Wajerumani wamekugeuza shingo," alisema. "Hapa ni kwenu. Kichwa kikienda huku na huku, hiyo ni ndiyo. Hapana ni kidevu kupanda juu. Au na hilo nalo umelisahau barabarani na malori yako?"

Delcho aliona haya. Ilikuwa kweli. Miaka minane ya kuendesha malori ya watu ilikuwa imemfundisha kujibu kama wao. Jana usiku shangazi mmoja alimuuliza kama ana njaa, akaitikia kwa kichwa, shangazi akaondoa sahani. Alilala na njaa nyumbani kwa baba yake.

Zlatina naye alitabasamu, lakini kwa shida. Alimweleza kaka yake kwamba baba hajawahi kumnyima kitu tangu augue. Kila alichomuuliza, alikubali. Yeye ambaye zamani ukimwomba nyundo anakuuliza ya nini, ugonjwa umemlainisha.

"Kila kitu?" Delcho aliuliza.

"Kila kitu."

"Baba huyu?"

Zlatina alimgeukia baba yake. Swali lile lilimwingia mahali ambapo kwa miezi hakuwa amepagusa.

Maana huko Sofia, msomaji, kazi yake ilikuwa kuuliza. Makampuni yaliyotaka kuleta sabuni mpya au jibini mpya sokoni yalikwenda kwenye ofisi yao, naye ndiye aliyetunga maswali ya kuwauliza wanunuzi. Alikuwa hodari. Katika kila orodha alipachika swali moja la kupimia: umewahi kununua sabuni fulani? Sabuni hiyo haikuwapo duniani. Aliyesema ndiyo, majibu yake yote yaliwekwa kando. Hakuwa mwongo, alikuwa mtu wa kukubali tu, na mtu wa kukubali hawezi kukuonyesha soko liko wapi.

Zlatina alikuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya wa ofisi jambo hilo wiki yao ya kwanza. Jibu lisiloweza kuwa hapana si jibu.

Lakini baba yake, Zlatina hakuwahi kumuuliza swali la kupimia hata siku moja.

Aliweka kikombe kwenye dirisha. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba, jina lako ni Delcho?"

Yasen akamwambia asimchezee mgonjwa. Zlatina hakugeuka.

Mzee Manol alimtazama. Kisha kichwa kikaenda kulia, kikaenda kushoto.

Ndiyo, jina langu ni Delcho.

Zlatina alijikohoza, akauliza jingine kwa sauti ile ile ya ofisini. Nje kuna theluji? Ilikuwa Julai, nzi walikuwa wakigonga kioo. Kulia, kushoto. Ndiyo, kuna theluji.

"Akili imeruka," Yasen alisema kwa upole. "Maskini. Basi tusimsumbue."

Lakini Zlatina alikuwa amesogeza uso wake karibu, kwa sababu kuna kitu alikiona. Kabla kichwa hakijaenda upande, kano za shingo ya baba yake zilisimama kama kamba zinazovutwa. Kidevu kilitetemeka kidogo. Hakikupanda. Baada ya kushindwa ndipo kichwa kilipoanguka upande mmoja, kikarudi upande wa pili.

Na palikuwa na kitu kingine. Sauti. Ndogo, yenye unyevu, nyuma ya meno.

Nts.

Zlatina aliifahamu sauti ile, na mkono wake ulikuwa tayari umekifuata kikombe. Muuguzi wa wilaya alikuwa amewaambia kwamba dawa hukausha kinywa: mkisikia anagonga ulimi, mpeni maji. Kwa hiyo walimpa. Miezi yote hiyo, kila alipogonga ulimi, walimpa maji.

Mkono ulikomea hewani.

Watu wa huku hawasemi hapana kwa kidevu peke yake. Kidevu kinapanda, na ulimi unagonga nyuma ya meno. Vinakwenda pamoja tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja. Kiharusi kilikuwa kimechukua kidevu. Ulimi kilikuwa kimeuacha.

"Jina lako ni Manol?" aliuliza, na sauti ya ofisini ilikuwa imemtoka.

Kichwa kulia, kushoto. Ulimi kimya.

"Wewe ni mwalimu?"

Kulia, kushoto. Nts.

"Wewe ni fundi wa kengele?"

Kulia, kushoto. Kimya.

"Mama yuko hai?"

Nts. Na machozi yakamtoka mzee, upande wa jicho lililokuwa bado likitii.

Delcho aliweka begi chini. Hakuwa mtu wa kuelewa mambo haraka, na kwa haki ni lazima isemwe kwamba alikuwa amekosea: baba hakuwa amesema hapana ya Kijerumani. Delcho alikosea njia akafika penye nyumba.

"Yuko mzima humo ndani," alisema Delcho. "Muda wote huu. Mzima kabisa."

Zlatina alianza kuhesabu kimoyomoyo, si kwa namba bali kwa vitu. Supu ya maini. Baba yake alichukia maini tangu jeshini. Jirani aliileta kila Ijumaa, wakamuuliza kama anataka, akakubali, akagonga ulimi, wakampa maji na baadaye supu. Redio. Mbuzi wa mwisho, waliouzwa. Mti wa jozi aliopanda mama, uliokatwa ili magari yapite langoni. Kila mara walimuuliza kwa heshima kabisa. Nani angehangaika kumletea ubao wa herufi za kuonyesha kwa macho mgonjwa anayejibu vizuri namna ile?

Kisha hesabu ikafika kwenye kengele.

Anayejua kengele za huku anajua kwamba fundi wa kweli hauzi kengele moja. Anauza dyuzen: kengele za kundi zima, kuanzia ile kubwa ya dume anayeongoza hadi ndogo za majike, zimepigwa nyundo na kusikilizwa na kupigwa tena mpaka zote ziwe sauti moja yenye sehemu nyingi. Mchungaji hulitambua kundi lake gizani kwa dyuzen yake. Mzee Manol alitengeneza nyingi akaziuza zote isipokuwa moja, aliyoipiga majira ya baridi baada ya kumzika mkewe. Ilining'inia karakanani kwenye boriti. Katika miaka ya njaa walikula hata mbegu ya viazi, lakini dyuzen hiyo hakuigusa.

Wazo la Zlatina lilikuwa zuri. Hata sasa, akiwa ameketi pale, alijua ni zuri. Kondoo wamekwisha vijijini, lakini watu wa mijini wana milango. Kwa nini kila nyumba katika jengo moja isiwe na kengele yake mlangoni, na jengo zima likawa dyuzen? Alihudhuria darasa la jioni la wanaotaka kuanzisha biashara. Mwalimu aliwaambia wawaulize watu ishirini kabla ya kutumia chochote. Zlatina aliuliza wengi kuliko hao. Wote walimwambia wazo ni zuri, wangenunua. Wakati wa kununua ulipofika hakutokea mtu, ila mwenye hoteli mmoja wa pwani ya Bahari Nyeusi aliyeletwa na Yasen. Mwenye hoteli aliingia karakanani, akaigusa dyuzen ya boriti kwa kidole, akasema anataka hiyo, si nyingine. Aigawe milangoni mwa vyumba. Akiipata hiyo, ataagiza nyingine za hoteli zake zote.

Biashara nzima ilisimama juu ya ndiyo moja ya baba. Na Zlatina alikuwa ameipata.

"Baba," alisema, "dyuzen ya mama. Niiuze?"

Nts.

Haikuchelewa hata kidogo. Ilikuwa imekaa ulimini tangu majira ya kuchipua ikingoja mtu wa kuisikia.

Yasen alisogea. Alimshika Zlatina bega, akazungumza kwa sauti ile ya kuuza mashine za kilimo ambayo wilaya nzima iliipenda. Alisema ni jambo la kusikitisha, ni kweli, lakini mtu mzima hutazama mbele. Mkataba umeshatiwa saini. Vijana wako karakanani wanashusha kengele. Bila hoteli hii hakuna agizo lingine, na Sofia nafasi yake imeshachukuliwa. Je, mzee angependa kumwona mwanawe akiombaomba?

"Na kwamba hawezi kuinua kidevu haimaanishi kwamba kila kitu hakitaki," alimalizia. "Ni shingo tu."

Zlatina aliutazama mkono uliokuwa begani mwake.

"Nani amesema hawezi kuinua kidevu?"

"Si umeona mwenyewe sasa hivi?"

"Nimeona. Sikusema. Kaka, nimesema?"

Delcho alisema hapana, kwa mdomo, ili pasiwe na utata.

Yasen aliondoa mkono. Alikuwa na uso mzuri, mpana, usiozoea kukaa bila tabasamu, na sasa ulionekana kama duka lililofungwa mchana.

Aliwaeleza. Hakujificha; labda aliona hakuna tena mahali pa kujificha. Siku waliyomtoa mzee hospitali, Zlatina alikuwa kwenye foleni ya dawa, na daktari alimweleza Yasen kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Shingo haitapanda tena, alisema. Mwangalieni macho yake, msitegemee kichwa. Yasen alikusudia kumwambia Zlatina njiani. Njiani mzee alilala, wakawa wanazungumza habari nyingine.

"Na jioni ile ile," Yasen aliendelea, "ulipiga magoti hapo ulipoketi. Ukamuuliza kama uache kazi, urudi, uishike karakana. Akatikisa kichwa. Ulilia, Zlatina. Ulisema katika maisha yako yote hajawahi kukukubalia kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningekuambia nini? Kwamba ni shingo?"

"Ndiyo," alisema Zlatina. "Hivyo hivyo. Kwamba ni shingo."

"Ulikuwa na furaha."

"Na kesho yake? Na mwezi uliofuata?"

Yasen alitazama sakafu. Mwezi uliofuata alikuwa ameshazungumza na mwenye hoteli, ambaye alimwahidi kumfanya msimamizi wake wa manunuzi wa mkoa mzima. Hili nalo alilisema, kwa sauti ndogo. Aliongeza kwamba alimpenda. Zlatina alimwamini, na ndicho kilichouma, kwa sababu mwongo angekuwa rahisi kumfukuza.

Chini, kupitia mbao za sakafu, zilianza kusikika kengele. Fundi hufunga ulimi wa kila kengele kwa sufu kabla ya kuibeba. Vijana wa Yasen hawakufunga. Zilikuja moja moja, zikigongana, kama mifugo inayotolewa zizini kwa fimbo.

Mzee Manol alifumba macho.

"Niwazuie?" Delcho aliuliza.

"Subiri."

Zlatina alikuwa amekumbuka siku ya Mtakatifu Georgi. Mwanakondoo mezani, mzee amevalishwa shati jeupe. Yasen alisimama mbele yake kwa taratibu zote, akamwomba mkono wa binti yake. Kichwa kulia, kushoto. Shangwe, glasi za pombe ya rakia zikagongana. Na katika shangwe ile Zlatina aliinama, akamwekea baba yake kikombe mdomoni, kwa kuwa alimsikia akigonga ulimi.

Alimnywesha hapana yake mwenyewe.

Yasen alizisoma fikra zake usoni. Ndiyo shida ya kuchumbiwa na mtu aliyekujua tangu shule.

"Usimuulize hilo," alisema. "Zlatina. Uza, usiuze, fanya utakavyo na kengele. Hilo usimuulize."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi sijamuuliza baba yako anipende. Nilikuuliza wewe."

Yalikuwa maneno ya kweli, na kwa siku nyingine yangetosha. Zlatina aliyapokea, akayaweka kando kama alivyoweka kando majibu mengi yaliyosikika vizuri.

"Baba. Yasen alipokuomba. Uliridhia?"

Kano za shingo zilisimama. Nts.

Yasen alitoka. Hakubamiza mlango. Aliurudisha taratibu mpaka komeo likaingia, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa, na nyayo zake zikashuka ngazi bila haraka.

Delcho alikaa juu ya begi lake. Alisema jambo ambalo dada yake hakulitegemea kutoka kwake: kwamba kila alipopiga simu kutoka Ujerumani, walimweka baba kwenye kioo cha simu, naye alimuuliza kama hali ni nzuri na kama asirudi bado. Baba alikubali. Delcho, aliyekwisha kugeuka shingo, aliona baba anakataa, kwamba hali si nzuri na asikae huko. Akajifanya hakuona. Alikuwa na nyumba ya kumalizia.

"Kwa hiyo nilijua," alisema. "Nilijua kwa makosa, lakini nilijua."

Zlatina alibakiwa na swali moja, na aliliogopa kuliko yote. Dyuzen ilikuwa ya baba. Yasen alikuwa mtu, na watu huja na kuondoka. Lakini hili lilikuwa lake mwenyewe. Kwa ajili ya jibu la swali hili aliacha ofisi yake, akakabidhi funguo za chumba chake cha Sofia, akajifunza kushika koleo kwa mikono iliyozoea kalamu. Kila mtu aliyemwona wazimu alimjibu hivi: baba amenikubalia.

Aliona kwamba angeweza kutouliza. Hakuna aliyemlazimisha. Wafanyabiashara wengi wanaishi maisha marefu yenye heshima bila kuuliza.

Aliinama.

"Baba, ulitaka niache kazi nirudi hapa? Ulitaka niishike nyundo yako?"

Wakati uleule kule chini waliinua ile kubwa, kengele ya dume, na pengine iliwaponyoka. Ililia nyumba nzima. Ilizijaza mbao, vioo, glasi kabatini. Kichwa cha mzee kilienda kulia, kikaenda kushoto, na kama ulimi uligonga au haukugonga, hakuna aliyesikia.

Zlatina alingoja sauti ife. Ilikuwa kengele nzuri. Ilichukua muda kufa.

Kisha alisukuma nywele zake nyuma, akaliweka sikio lake juu ya mdomo wa baba yake, hata pumzi ikamgusa, yenye harufu ya dawa na chai ya mlimani. Akauliza upya, neno kwa neno, kama alivyofundishwa kwamba swali likirudiwa lisibadilishwe.

Aliihisi kabla ya kuisikia.

Nts.

Hakuinuka mara moja. Delcho, aliyekuwa akimtazama kwa nyuma, aliona mabega yake yakipanda na kushuka mara kadhaa, kisha yakatulia. Alipoketi wima uso wake ulikuwa umelowa, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Nimekusikia," alimwambia baba yake. "Samahani kwamba nimechelewa."

Mzee alimtazama.

"Hukutaka. Sawa. Sasa nisikilize na wewe. Dyuzen ya mama haiondoki. Yasen tumemalizana. Lakini karakana siifungi, na Sofia sirudi. Nitatengeneza nyingine, mpya, mbaya, mpaka zitakapokuwa nzuri, nitafute mnunuzi wa kwanza mwenyewe, na safari hii sitamuuliza mtu kama wazo ni zuri. Nitamuuliza kama atanunua leo."

Nts.

"Nimesema sirudi."

Nts, nts.

Ulikuwa ugomvi wao wa kwanza tangu Januari. Zlatina alilia na kucheka kwa pamoja, jambo ambalo si zuri kulitazama, na Delcho alikwenda dirishani ili asilitazame.

"Zlatina."

"Nini?"

"Wamemaliza kupakia. Vijana wameshuka garini, wamesimama pembeni." Delcho alisogeza uso kwenye kioo. "Ni Yasen ameshika usukani."

Zlatina alizishuka ngazi kwa kurukaruka, mkono ukiburuza ukutani. Karakanani boriti ilikuwa tupu, na chini yake kulabu zilikuwa zikichezacheza bado. Uani vijana wawili wa kubeba walimwona, mmoja akavua kofia bila kujua kwa nini.

Gari lilikuwa limeshageuka. Kati yake na barabara palikuwa na lango lenye upana wa gari hilo na viganja viwili. Zlatina alikata uani, akaruka ndoo ya makaa, akafika langoni kwanza, akageuka, akasimama katikati na mikono yake chini.

Hakumpungia wala hakumwita. Alimtazama tu kupitia kioo, mtu ambaye alikuwa aolewe naye baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitar, mwezi wa Oktoba. Naye alimtazama, uso wake ukiwa mweupe na umekunjamana kama wa mtoto aliyepigwa. Nyuma yake kengele zote za mama zilikuwa zikilia kwa pamoja.

Dirishani juu, Delcho alipiga kelele jina la Yasen.

Gari halikupunguza mwendo.